Futi Ikitoka Msumarini

Tarehe 6 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, na uzipokee haraka maana nina jambo. Masikio yako yangekuwa yanasikia simu, ningepiga tukamaliza kwa dakika mbili. Lakini mashine za kiwandani ziliyamaliza yote mawili, basi vaa miwani ukae.

Mdogo wako amekwenda likizo.

Neno hilo nimeliandika tena. Miaka ishirini na mitatu, wifi! Nilidhani tumeshasahauliana nalo. Ilianza baada ya mwaka mpya. Kwanza aliacha kuimba akikata kitambaa. Kisha akaacha kubishana na wateja, na wewe unamjua, akikubali kila anachoambiwa ujue haumwi kidogo. Jumatatu iliyopita tulifungua duka, akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Mama Watatu, leo fundi ni wewe." Mimi wa vifungo! Nikacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile yuko chumbani, amegeukia ukuta, pazia limefungwa. Nimeutoa ule ubao wenu wa zamani chini ya meza ya kukatia, nimeupangusa vumbi, nimeutundika mlangoni: FUNDI YUKO LIKIZO. Wateja wa siku nyingi wakiusoma wanashusha sauti na kuondoka.

Anakula nikimbembeleza. Usingizi anaupata vipande vipande. Siku mbili kabla hajalala alinitafutisha mkasi nusu saa nzima, kumbe ameukalia. Najua, mtu akiwa na huzuni akili haitulii.

Kitindamimba wetu, mwalimu, anataka baba yake aende hospitali. Nimemwambia angoje kwanza nikuulize wewe. Likizo zote nne wewe ulikuwepo. Mimi niliziona mbili za mwisho tu, na zote nilikuwa na mtoto mgongoni. Nifanye nini? Nijibu upesi, usinitungie hadithi ndefu.

Wifi yako,
Mama Watatu


Tarehe 15 Februari

Wifi yangu mwenye haraka,

Nitakutungia hadithi ndefu, na utaisoma yote.

Mara ya kwanza yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi ishirini na sita. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Tulikuwa tunakaa kile chumba cha mlango wa kijani nyuma ya tanuri la mikate, mimi, yeye na cherehani ya mama. Ukuta mmoja ulikuwa wa moto mchana kutwa kwa sababu ya tanuri, na nguo zetu zote zilinuka mkate. Siku moja akaacha kuamka, basi. Nikitoka zamu namkuta vilevile nilivyomwacha. Sikujua la kufanya, wifi. Nikawa nakaa kando ya kitanda nachambua mabaki ya nyuzi za kiwandani, buluu huku, nyeupe huku, siongei. Majirani wakiuliza nasema yuko likizo. Kijana asiye na ajira yuko likizo ya nani? Lakini walikubali, na hakuna aliyeuliza tena. Ule ubao aliuandika mwenyewe baadaye, alipopata duka, akicheka.

Wiki ya nne, siku ya Jumamosi, nimesimama namimina chai, nikahisi kitu kinanizunguka kiunoni. Futi. Alikuwa ameamka, ameitoa msumarini, ananipima. Kifua thelathini na mbili, kiuno ishirini na nne, nyonga thelathini na sita. Akasema, "Dada, umekonda." Nikalia mpaka chai ikafurika kwenye sahani. Akanishonea gauni la buluu lenye mifuko miwili mikubwa, maana alijua natembea na nyuzi. Nililivaa mpaka likawa tambara la kufutia mashine.

Na zile nyingine zikaenda hivyohivyo. Wiki tatu, wiki nne, halafu futi inatoka msumarini, anawapima wote waliomo ndani, kila mmoja anapata nguo mpya. Hata wewe unalo lile la maua ya njano, usijifanye umesahau.

Kwa hiyo tulia. Mpelekee chai, mpelekee mkate, usimuulize anawaza nini. Kaa karibu naye na kazi ya mikono, hata vifungo vyako. Hospitali watamjaza maswali, na akiwa huko ndani hawezi kujibu hata jina lake. Mwambie mwalimu wetu afundishe shule, baba yake tunamjua sisi. Ngoja futi. Ikitoka msumarini, niandikie siku hiyohiyo.

Wifi yako wa kiwandani


Tarehe 11 Machi

Wifi, wifi, wifi!

Imetoka!

Leo asubuhi. Niko jikoni nasugua sufuria, nikasikia miguu yake nyuma yangu. Nikajikaza nisigeuke. Akaniambia, "Nyanyua mikono." Nikanyanyua na povu lote, likanitiririka mpaka kwenye viwiko. Akanipima kifua, kiuno, mabega, mgongo, akaandika kwenye daftari la vipimo. Akampima mwalimu akiwa amevaa kwenda kazini. Akampima na jirani aliyekuja kuazima chumvi, maskini hakuelewa kapatwa na nini.

Wiki tano na siku mbili. Ndefu kuliko zote, lakini na yeye ana miaka sitini na minne, mwacheni achukue muda wake. Ubao nimeurudisha chini ya meza na kuugeuza uso chini. Mwalimu bado anasema hospitali, hospitali. Nimemwonyesha barua yako, pale ulipoandika baba yake tunamjua sisi. Akaikunja akanirudishia, akaenda kazini.

Asante kwa hadithi yako ndefu. Nimeisoma mara nne, na nilikuwa nalia hata kabla sijafika ile sehemu yangu ya maua ya njano.

Wako,
Mama Watatu


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Umetutisha, mwanaume mzima. Sasa umerudi kazini, na mimi nataka haki yangu. Kila uliporudi ulinipima, na safari hii siko hapo, basi nimejipima mwenyewe mbele ya kioo na huyu mpangaji wangu wa chumba cha mbele akinishikia ncha ya futi. Usicheke. Kifua arobaini. Kiuno thelathini na nne. Nyonga arobaini na nne. Urefu ni ule ule, namshukuru Mungu kuna kitu kimoja hakikuongezeka. Nimeviandika kwenye karatasi, nimeibana na pini kwenye kitambaa.

Kitambaa chenyewe utakijua ukikishika. Ni yadi nne za mwisho nilizotoka nazo siku kiwanda kilipofungwa. Buluu ile ile. Nimekitunza sandukuni miaka yote hii na majani ya kufukuza nondo. Nilikuwa najiambia ni cha kushonea kitu cha maana. Leo nimeona maana yake, umerudi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukishona kwenye kile chumba chetu. Mguu kwenye pedali, mdomo umejaa pini, unaimba bila kufungua midomo. Nilikuwa nalala kwa mlio ule baada ya zamu. Siku hizi sisikii kitu, lakini ule bado nausikia.

Nishonee gauni lenye mifuko.

Dada yako


Tarehe 21 Aprili

Wifi yangu,

Samahani kwa kukawia. Kitambaa kilifika salama. Alikikunjua mezani, akakipapasa muda mrefu, akasema, "Huyu dada ana wizi mzuri." Anakishona mwenyewe, hataki nikiguse, hata vifungo hataki nitie mimi.

Sisi wazima. Mwalimu anakusalimu. Duka linaendelea polepole.

Nilitaka kukuuliza kitu kidogo tu. Zile likizo za zamani, akishapona, alikuwa anapima watu mara ngapi?

Mama Watatu


Tarehe 29 Aprili

Wifi,

Barua ya nusu ukurasa kutoka kwako! Wewe ambaye hata salamu zako zinamaliza ukurasa mzima. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeendelea huko.

Alikuwa anapima mara moja. Fundi gani apime mtu mara mbili? Alikuwa akijivuna kwamba akishika kiuno cha mtu leo, atakuja kumshonea baada ya mwaka bila kuuliza. Kwa nini unaniuliza? Na kwa nini duka "linaendelea polepole"? Usinifiche kitu. Nimekuwa kiziwi, sijawa mjinga.

Wifi yako


Tarehe 19 Mei

Wifi,

Hii utaisoma ukiwa umekaa, na mimi naiandika nikiwa nimekasirika, na nusu ya hasira ni yako.

Siku ile ya kwanza alinipima asubuhi, nikakuandikia kwa furaha. Kesho yake akaja tena jikoni. "Nyanyua mikono." Nikadhani kasahau kipimo kimoja. Nikanyanyua. Keshokutwa tena. Wifi, nimenyanyua mikono kila asubuhi wiki tisa. Sikumwambia kwamba jana alinipima. Nilijua, nadhani nilijua tangu siku ya tatu, lakini nilikuwa naona uso wake ukiwa na furaha ya mtu anayeanza kazi, na nilijiambia futi imetoka, futi imetoka, dada yake alisema ikitoka amepona. Ningekuandikiaje? Ningesemaje kwamba dalili ya kupona ndiyo imekuwa ugonjwa?

Kilichonivunja ni sare za shule. Mwalimu mkuu alizirudisha kumi na mbili, mikono yote ya kushoto. Sare kumi na mbili hazina mkono wa kulia hata mmoja, zimeshonwa safi, mishono imenyooka. Alizitazama akaniuliza, "Nani amezishona hizi?" Siku hiyo mwalimu wetu hakuniuliza tena. Alimshika baba yake mkono, akaniambia nichukue daftari la vipimo, tukaenda.

Daktari ni kijana, mpole. Alimchukua damu, wakampiga picha ya kichwa. Alimwambia achore saa. Duara alilichora zuri, mkono wa fundi, lakini namba zote akazirundika upande mmoja. Halafu daktari akalifungua daftari. Nipo mimi kwenye kurasa sitini na tatu. Tarehe, kifua, kiuno, mabega. Mwanzoni vipimo vinafanana. Katikati vinaanza kuyumba. Mwishoni kiuno changu ni inchi sita. Daktari alifunua ukurasa mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, akasema, "Mama, hakuna kipimo changu kingenionyesha hivi."

Ni ubongo, wifi. Ugonjwa wa kusahau, ule unaokwenda mbele taratibu na haurudi nyuma. Nilimwambia, lakini yeye ana huzuni tu, ameanza kuwa nayo tangu ujana, tunaijua. Akaniambia hayo mawili ni kama majirani wanaojuana. Watu waliowahi kupata ile huzuni nzito wanapatwa na huu wa ubongo zaidi kidogo kuliko wengine, na wakubwa wao wa udaktari wenyewe bado hawajajua vizuri ni kipi kinakivuta kingine. Na huzuni ikikaa kimya miaka mingi kisha ikarudi uzeeni, isipokelewe kama mgeni wa zamani. Mara nyingine siyo ile. Ni huu mpya umeanza, umevaa nguo za ile.

Amepewa dawa, za huzuni na za hii nyingine. Anasema zitasaidia, hazitaponya. Nikamuuliza kama tungekuja Februari. Akasema asingeweza kuuzuia, lakini tungempunguzia uchungu wa miezi mitatu, na yeye mwenyewe angeelezwa akiwa bado anashika maneno vizuri, akapanga mambo yake.

Miezi mitatu, wifi. Tulikaa tunangoja futi.

Mama Watatu


Tarehe 2 Juni

Wifi yangu,

Hasira yako niachie yote, ile nusu yako pia. Wewe uliuliza. Mimi ndiye niliyejibu.

Nimeirudia barua yangu ya Februari. Sina nakala, lakini naikumbuka, nilikuwa nimejisifu sana. Hata ule mkasi uliniandikia, nikaupita kwa sababu nilikuwa na hamu ya kufika kwenye chumba cha mlango wa kijani. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilifurahi. Nisamehe. Niliposoma "amekwenda likizo" niliogopa, halafu chini ya woga nikasikia furaha. Nilijiona tena nina miaka ishirini na sita, ndugu yangu ananihitaji na mimi ndiye peke yangu ninayejua dawa. Tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyeniuliza kitu ninachokijua.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata yeye halijui.

Mimi nami nilikuwa nakwenda likizo. Ila kiwandani hakuna likizo ya namna hiyo, ukikosa zamu tatu umefutwa. Kwa hiyo nilikuwa naenda nayo kazini. Nikiwa na miaka thelathini ilinikaa miezi mitano. Nilisimama kati ya mashine mbili nikifunga nyuzi zilizokatika, nalia kwa sauti, mdomo wazi kama mtoto, na mwenzangu aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu hakusikia. Watu wananihurumia kwa masikio. Hawajui kelele zile zilinisitiri miaka thelathini. Ilirudi tena na tena. Ya mwisho ilikuwa mwaka kiwanda kilipofungwa, na hapo nilijifungia na kulala wiki nzima, nikawaandikia nyinyi kwamba nina mafua.

Nilijua namna ya kukaa na mdogo wangu kwa sababu ndivyo nilivyotamani mtu akae na mimi.

Sasa nina miaka sitini na minane. Juzi nilisahau jina la mpangaji wangu nikiwa namtazama usoni. Muulize huyo daktari wenu, tafadhali, kwa niaba ya mtu unayemfahamu. Hao majirani wawili, ni lazima wote waje?

Naogopa, wifi. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Wifi yako wa kiwandani


Tarehe 17 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Nilimuuliza. Nilisema "kwa niaba ya mtu ninayemfahamu," akatabasamu akaniambia kila siku anaulizwa na watu wa aina hiyo.

Anasema si lazima. Wengi waliopata huzuni ile wanazeeka na akili zao zote. Kusahau jina mara moja si ugonjwa, hata yeye anasahau. Lakini anasema mtu huyo asikae nalo moyoni. Aende apimwe, aseme wazi kwamba aliwahi kuwa na huzuni na ilimkaa muda gani, na ikirudi itibiwe, isifichwe. Kisha akasema, na masikio ayashughulikie, maana kiziwi anayejifungia ndani peke yake akili yake inakosa kazi. Nimekuandikia kama alivyosema. Usiniambie nimeongeza.

Na hili naongeza mimi. Miaka yote ile nimekuita wifi mkavu. Nilikuwa namwambia mume wangu, dada yako hana machozi. Nisamehe na mimi.

Hasira imepungua. Jana tulikuwa dukani, mimi nakata, yeye ananifungia uzi kwenye sindano. Hapo mkono wake haujakosea hata mara moja. Bado ananipima. Mwalimu amempa daftari jipya.

Gauni lako limekwisha. Amelifunga mwenyewe kwenye karatasi na kukishona kifurushi chote kwa mkono, sikuweza hata kuchungulia. Ndani ameweka barua. Alikaa nayo siku nne. Sijui ameandika nini, na sijui gauni likoje. Ukilifungua, kumbuka tu ni nani amelishona.

Mama Watatu


(ndani ya kifurushi, bila tarehe)

Dada,

Kitambaa kizuri. Kizito, kinatulia mezani, hakina ubishi. Mama Watatu anasema ulituma na vipimo. Sijavitazama. Tangu lini wewe ukanitumia vipimo kama mteja? Ninavyo kichwani.

Yule daktari alinichoresha saa. Nilimwambia mimi fundi nguo.

Kuna vitu vinanitoka, Dada. Sikuambii uongo. Naingia chumbani na sijui nilifuata nini, hapo si kitu, kila mtu. Lakini siku nyingine nashika mkasi na nguo iko mbele yangu na siioni inaanzia wapi. Nikiwa likizo nilikuwa najua iko siku nitainuka, kwa sababu ulikuwa umekaa pale na nyuzi zako. Hii sijui. Ungekuwa hapa ungeniambia.

Mifuko nimeweka miwili.

Usichelewe zamu ya saa nane. Chai yako nimeifunika na sahani. Usipite upande wa tanuri, kuna matope.

Mdogo wako


Tarehe 1 Julai

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika jana. Nilitumia muda mrefu kukifumua ulivyokishona, hata barua ya serikali haifungwi hivyo.

Nililitoa gauni nikalitandaza kitandani. Buluu, mifuko miwili, kola ya duara. Ni lile lile. Ni lile la chumba cha mlango wa kijani, pindo kwa pindo, hata ile pensi ndogo, mkunjo wa mshono mgongoni uliouweka kwa sababu bega langu moja liko chini. Miaka arobaini na miwili, na bega langu umelikumbuka. Nikachukua futi. Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na nne. Umemshonea msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, aliyekuwa anamimina chai.

Nilikaa kitandani nikalia. Nakwambia wazi kwa sababu nimechoka kulia mahali pasiposikika. Mpangaji alisikia akaja, nikamwacha akae.

Halafu baadaye, nalikunja nilirudishe sandukuni kwa heshima yake, mkono ukapita ndani kwenye mshono wa ubavuni. Ukagonga kitu kinene. Nikaligeuza nje ndani. Unajua nilichokiona? Wateja wako unawaachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono. Mimi ulikuwa unaniachia vinne, tangu zamani, nilipokuwa nakulalamikia kwamba unapoteza kitambaa. Ulikuwa unanijibu, "Dada, wewe nataka uvae muda mrefu." Umeniachia vinne. Pande zote mbili, kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo, umevikunja na kuvishikiza kwa mshono wa mkono. Yadi zangu zote zimo humo, hukukata kipande ukatupa.

Nimefumua usiku wa jana na asubuhi hii. Polepole, kwa wembe, kama ulivyonifundisha. Nimeshona upya. Mishono yangu imepinda, ukiiona utanifukuza dukani. Lakini limenienea, mdogo wangu. Linabana kidogo nikishiba, basi. Limenienea mwanamke wa miaka sitini na minane, kiuno thelathini na nne.

Nimekwenda kwa daktari wa huku. Tuliandikiana kwenye karatasi kama watoto darasani. Nimemwandikia neno likizo, na maana yake, yote. Amenipa tarehe ya vipimo na ya masikio, nimeomba karatasi nije nayo kwa huyo kijana wenu, kwa sababu nakuja. Siji kutembea. Mpangaji nimemwachia nyumba nzima. Mwambie Mama Watatu anitafutie pa kuweka sanduku moja, na auchome ule ubao, au aandike kingine nyuma yake.

Uliuliza ningekuambia nini. Sijui nitakuambia nini. Hii siijui hata mimi, nilijifanya naijua na nikakuchelewesha, na hilo nitakuomba msamaha kila siku hata ukiwa umesahau kosa lenyewe. Lakini kukaa pale na nyuzi, hilo naliweza. Nitakaa.

Nafika Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana. Sitachelewa zamu. Nitakuwa nimevaa buluu, mifukoni nina nyuzi. Mlangoni usiniulize habari za safari, sitazisikia. Chukua futi unipime. Na kesho yake unipime tena, na keshokutwa, siku zote utakazoamka.

Mimi nitanyanyua mikono.

Dada yako